Usukani Usio na Barabara

Katika maonyesho makubwa ya biashara ulimwenguni imezuka desturi ambayo haina budi kutufikia sisi wa kusini, kama zilivyotufikia desturi zote za biashara zilizoitangulia. Kampuni inayouza magari, au matairi, au mafuta ya mitambo, au hata vinywaji na simu, husimamisha banda lake uwanjani, ikaweka ndani yake kiti kama cha dereva, usukani, na pedali za miguu. Mgeni hukaribishwa aketi. Huvikwa miwani mikubwa myeusi inayofunika macho yote mawili, na hapo uwanja hutoweka. Makelele ya watu hubaki masikioni, lakini mbele ya macho yake pana barabara, na mikononi mwake mna gari ambalo halipo. Huendesha dakika tatu au nne, hupiga kona, pengine hugonga, hucheka, huvuliwa miwani, hupigwa picha mbele ya jina la kampuni, akaenda zake na kofia ya bure.

Wataalamu waiita mashine hiyo simuleta, yaani mashine ya kuiga uendeshaji. Na ule ulimwengu uliomo ndani ya miwani wauita uhalisia pepe. Aliyelichagua jina hilo la pili alichagua vizuri kuliko pengine alivyokusudia. Mkulima ajua pepe ni nini: ni punje ya mpunga yenye ganda bila kiini. Shauri tunalotaka kulizungumza leo ni kama wananchi wa Nachingwea na Ruangwa watakubali kuletewa ganda, au watadai na kiini chake.

Kwanza yafaa tuijue mashine yenyewe. Ndani ya miwani mna vioo viwili vidogo vya picha, kimoja kwa kila jicho, na picha ya kimoja yatofautiana kidogo na ya mwenziwe. Ndiyo sababu akili huona umbali na kina kama ionavyo kwa macho matupu. Vyombo vya kupimia hufuata kila mgeuko wa kichwa, na kompyuta huichora picha upya mara 90 hivi kwa kila sekunde, hata dereva akigeuka kutazama kioo cha pembeni akikute mahali pake. Usukani una mota ndani yake, nao humshindania mtu mikono kama gari lipitalo penye changarawe. Mashine za fedha nyingi zaidi zina miguu ya chuma chini ya kiti, ambayo hukiinua na kukiinamisha ili mwili udhani kwamba unapanda mlima au unafunga breki. Lakini mwili si mjinga. Macho husema tunakwenda, na kile kiungo cha ndani ya sikio kipimacho mwendo husema tumekaa. Ugomvi huo huwatia wengine kichefuchefu, na si ajabu kumwona kijana mwenye nguvu zake akishuka ameshika tumbo.

Sasa na tuulize kampuni yapata nini. Kumjaribisha mtu gari la kweli ni gharama: yatakiwa gari lenyewe, mafuta, bima, barabara, na mgeni mwenye leseni. Kwa miwani hayo yote hayahitajiwi. Hata mtoto wa miaka kumi na mitano aweza kuketishwa, akaipenda alama ya gari miaka kumi kabla ya kuwa na uwezo wa kulinunua. Mwezi Novemba 2014 kampuni ya Volvo iliwaonjesha watu gari lake la XC90 kwa simu ya mkononi iliyotiwa katika miwani ya karatasi ngumu ya Google, wakati gari lenyewe lilikuwa bado kufika madukani. Watu waliliendesha gari kabla ya muuzaji kuwa nalo. Mfanyabiashara angetaka nini zaidi?

Wala si jambo geni kwa nchi yetu kwamba picha zipakiwe katika lori zikawafuate watu walipo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza sinema Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt. Filamu zao zilihusu ugonjwa wa safura, akiba ya Posta, na mambo mengine ambayo serikali ya wakati ule ilitaka Mwafrika ayafuate, na lori lao lenye mashine ya umeme likazunguka kuzionyesha katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kati. Waliotazama hawakuulizwa wangependa kuona nini. Banda la leo lina tofauti moja: mtazamaji hakai tena chini akatazama, bali hutiwa ndani ya picha na kupewa usukani. Aliyepewa usukani husahau upesi kwamba barabara imechorwa na mtu mwingine, na kwamba mabango yote yaliyoko kando yake ni ya kampuni moja.

Kuna na lile daftari la mlangoni. Kabla ya kupanda, kijana huandikishwa jina, namba ya simu, na pengine umri na kazi. Neno «bure» lina bei yake, na bei yenyewe ndiyo hiyo. Tangu mwezi Mei 2023 imeanza kutumika sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, nayo yampa mwananchi haki ya kuambiwa taarifa zake zachukuliwa kwa kazi gani. Kijana aliye katika foleni aliulize swali hilo kwa sauti, na wenziwe walio nyuma yake wamsikie.

Ijapokuwa tumesema hayo, hatukuandika ili kuilaani mashine. Historia yake yenyewe yakataza. Huko Binghamton, katika jimbo la New York, alikuwako kijana jina lake Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Link alipenda urubani, lakini aliona mafunzo ni ghali mno. Basi akazichukua mvukuto zilizokuwa zikipuliza vinanda kiwandani mwa baba yake, akaziweka chini ya kijumba cha mbao kilichofanana na ndege ndogo, na mnamo mwaka 1929 akawa na chombo kilichoinama na kuinuka kila rubani alipouvuta mkono wake wa kuongozea. Jeshi halikumjali. Shule za urubani hazikumjali. Walionunua mwanzoni ni wenye viwanja vya michezo na starehe, wakakiweka chombo chake baina ya pembea na vibanda vya kulenga shabaha, watu wakilipa senti chache ili wapande na kucheka.

Halafu ukaja mwaka 1934. Jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, usiku na katika mawingu, na marubani wasiozoea kuruka kwa kutegemea saa za vipimo wakaanza kuanguka na kufa mmoja baada ya mwingine. Ndipo jeshi lilipomkumbuka yule fundi wa vinanda, likanunua vyombo vyake sita. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya marubani walijifunza ndani ya visanduku hivyo kabla ya kuikabidhiwa ndege. Ni chombo kile kile kilichokuwa kikichezewa na watu katika viwanja vya starehe. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na maiti za kuhesabu, na wakubwa wakaona aibu.

Sisi nasi tunazo za kuhesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 ulimwenguni mwaka 2021, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kifo kinachowachukua wengi kuliko hicho. Umri huo ndio umri wa bodaboda zetu na wa wanafunzi wanaowapakia. Na tuseme kweli juu ya namna kijana wa bodaboda anavyojifunza. Rafiki yake humwazima pikipiki jioni mbili tatu katika uwanja wa mpira. Siku ya nne yuko kijiweni. Siku ya tano amepakia mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, anashuka nao mteremko wa udongo mwekundu. Sheria yataka awe na leseni ya daraja A, na kuipata kwataka mafunzo. Lakini mafunzo yataka ada, na ada yapatikana kwa kuendesha. Basi anaanzia mwisho.

Kuanzia mwisho ni kosa ambalo mji wa Nachingwea unalifahamu kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania, maana mji wenyewe ulikuzwa nalo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma Bwana John Wakefield na wenziwe wawili watazame kama karanga zaweza kulimwa huku kwa mashine. Walizunguka kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Tafadhali, msomaji, kaa kidogo hapo. Waliiona misitu yetu kama aionavyo barabara mtu aliyevaa miwani: yote iko, yapendeza, na haina mzizi hata mmoja. Wakaandika mpango wa eka 3,210,000, na fungu kubwa kuliko yote likawekwa Jimbo la Kusini.

Mashine zikaja kwanza. Yalinunuliwa matrekta yaliyotumika, yaliyobaki ya vita, hata kutoka Ufilipino na Misri. Vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta kule Uingereza, vikaitwa Shervick. Madereva wakatafutwa baadaye, wakafundishwa mbio mbio, watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa usukani wa kitu chochote. Kabla mwaka 1947 haujakwisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyokwisha kuletwa Tanganyika yalikuwa yamelala kwa ubovu. Waingereza walizoea kumlaumu dereva Mwafrika. Twasema lawama hiyo haikuwa na haki. Mtu hawezi kuulizwa kwa nini ameivunja mashine ambayo hakuna aliyempa muda wa kuijifunza, katika ardhi ambayo hakuna aliyeipima, bila vipuri vya kutengenezea. Mwezi Januari 1951 mpango ukatangazwa kwamba umekwisha, na hasara yake ikafutwa katika vitabu: pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake, kutoka pwani hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yake yakang'olewa. Kilichotubakia ni majina. Mgeni akiuliza mahali paitwapo Farm 17 paliitwaje hivyo kwa Kiingereza, jibu lake ni karanga.

Laiti wale madereva wa mwaka 1947 wangalipewa mwezi mmoja tu katika chombo cha mfano wa kile cha Link, ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka kumi na minane! Hakikuletwa. Chombo cha kujifunzia kilikuwapo duniani, bali hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa kusini alistahili kujifunza kabla ya kutumwa.

Kwa hiyo tukiiona simuleta ikishushwa katika lori la matangazo, tusiitazame kama mwanasesere wa wenye fedha. Yako mambo ambayo yaweza kuyafundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote wa barabarani. Chukua jambo la simu. Gari au pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva aliyeshtuka huchukua sekunde moja na nusu hivi kabla mguu haujafika kwenye breki. Maana yake amekwisha kupita mita 25 kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Aliyeinamia simu kusoma ujumbe huongeza sekunde mbili, yaani mita nyingine 33, akiwa kipofu. Mwalimu aweza kuyaandika hayo ubaoni, na kijana akayanakili, asiyaamini. Lakini mtie ndani ya miwani, umpigie simu, na mtoto wa shule atokee nyuma ya lori lililosimama. Atapiga kelele. Atavua miwani mikono ikitetemeka, na hakuna mtoto aliyeumia. Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilizungusha mafunzo ya namna hiyo tangu mwaka 2015, katika kampeni yake ya kuwaonya madereva wasiguse simu. Japani nako, kampuni ya Honda imekuwa ikiziuzia shule za udereva mashine za kuiga pikipiki tangu miaka ya 1990. Pikipiki, si motokaa za kifahari. Hao wameuza, wakafundisha pia, wala hatujasikia kwamba wamefilisika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo tusipewe ahadi za uongo. Miwani haifundishi uzito wa mizigo. Haifundishi namna pikipiki inavyoteleza ubavu ubavu katika tope la masika, wala namna gunia la ufuta linavyovuta nyuma penye mlima. Mwezi Mei 2024 mvua zilibomoa barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Somanga, na magari yakalala pande zote mbili. Hakuna mchoraji wa barabara za kompyuta aliyekuwa ameweka shimo pale. Mbaya zaidi, mashine hizi zaweza kufundisha ubovu. Katika vibanda vya gemu vilivyojaa miji yetu, kijana hugonga ukuta kwa kasi ya kilometa 200, akabonyeza kitufe, akaanza upya. Saa kumi jioni amegonga mara kumi na mbili. Saa kumi na moja yuko kijiweni akisubiri abiria, na vidole vyake bado vina mazoea ya kile kitufe.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Nissan. Kati ya mwaka 2008 na 2016 ilishirikiana na Sony kutafuta madereva wa mashindano miongoni mwa vijana waliokuwa hodari wa mchezo wa Gran Turismo. Yalikuwa matangazo ya biashara, tena yaliyofanikiwa. Kijana wa Kihispania, Lucas Ordóñez, na wa Kiingereza, Jann Mardenborough, walitoka sebuleni wakafika katika mashindano ya Le Mans. Wengi wakishangilia habari hiyo huruka kipande cha katikati: baada ya kushinda katika mchezo, vijana hao waliwekwa katika viwanja vya kweli, na magari ya kweli, chini ya walimu, kabla ya kuruhusiwa kushindana. Na hata kwa mafunzo yote hayo, mwezi Machi 2015 gari la Mardenborough liliruka hewani katika uwanja wa Nürburgring, na mtazamaji mmoja akafa. Katika barabara ya kweli watu husimama kando.

Nini kifanyike basi? Watu husema wilaya zetu ni ndogo, kampuni haiwezi kusikiliza masharti yetu. Hatukubali. Nachingwea na Ruangwa, pamoja na Liwale, zina chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na minada yake ya ufuta na korosho huwaleta wanunuzi kutoka mbali. Ruangwa ina madini ya kinywe, na kila mgodi unaofunguliwa utataka madereva wa mitambo mizito. Ruangwa ina Uwanja wa Majaliwa, ambako timu ya Namungo imecheza michezo mingi ya Ligi Kuu tangu ilipopanda mwaka 2019. Lindi kuna viwanja vya Ngongo vya Nane Nane. Kampuni hufuata umati wenye fedha ya mavuno, na umati huo ni wetu. Mwenye uwanja ndiye anayetoa ruhusa, na atoaye ruhusa aweza kutia sharti.

Sharti lenyewe si kubwa. Kampuni itakayoleta simuleta katika uwanja wa umma ifanye biashara yake mchana, na asubuhi, kabla ya muziki kuanza, iwaachie vyama vya bodaboda saa tatu, wakiwa na askari wa usalama barabarani na mwalimu wa udereva. Mwalimu asimame pembeni ya kiti. Mashine isiyo na mwalimu hurudi kuwa pembea. Tena barabara iliyomo ndani isiwe ya Ulaya. Kijana wa Ruangwa hatakutana na theluji maishani mwake. Atakutana na mbuzi, na vumbi lililofumba njia baada ya lori kupita, na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa bila taa, na watoto wanaotoka shule saa nane wakivuka pasipo alama. Wako vijana wa Kitanzania waliosomea kompyuta wanaoweza kuichora barabara hiyo, nao wapewe kazi. Gharama isitutishe kupita kiasi: kiti chenye miguu ya chuma ni ghali sana, lakini miwani peke yake yauzwa dola mia chache, nayo pamoja na usukani wa mezani yatosha kwa lile somo la simu na la mtoto nyuma ya lori. Chuo cha ufundi kilicho na nia chaweza kuanza na seti mbili.

Bodaboda atakayehudhuria apewe hati, na hati hiyo impunguzie ada ya mafunzo ya leseni. Hapo ndipo wakubwa watakapokuna kichwa, kwa kuwa ada ni mapato. Lakini bodaboda mmoja aliyevunjika paja hukaa wodini wiki nyingi, na familia yake haichangii mapato ya mtu yeyote.

Msimu wa korosho huanza Oktoba, na malori yataanza kushuka Mtwara. Kampuni huomba viwanja mapema zaidi ya hapo, na maombi hayo hupitia mezani mwa halmashauri. Madiwani wa Nachingwea na Ruangwa wanaweza kuliweka sharti hili katika kikao kimoja, kabla lori la kwanza la matangazo halijaegeshwa.